Kukataliwa kwa certiorari

Tarehe 2 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza shauri la Snope dhidi ya Brown, lililohusu sheria ya jimbo la Maryland inayopiga marufuku bunduki za aina ya AR-15, na tangu hapo nimesikia mara nyingi mno kwamba mahakama hiyo "imebariki" marufuku hiyo. Haikubariki kitu. Ilikataa certiorari tu.

Certiorari ni amri ambayo kwayo Mahakama ya Juu hukubali kupitia uamuzi wa mahakama ya chini. Anayeitaka hupeleka ombi, kwa kawaida ndani ya siku 90, na majaji wanne kati ya tisa wakiridhia, shauri litasikilizwa.

Neno lenyewe ni la Kilatini, nalo linatokana na certior, yaani "mwenye uhakika zaidi"; certiorari ni "kuarifiwa". Katika Uingereza ya kale, hati iliyotolewa kwa jina la mfalme ilimtaka hakimu wa chini apeleke kumbukumbu za shauri juu, kwa kuwa mfalme alitaka kuarifiwa yaliyotendeka. Kwa lugha ya masjala zetu, huko ni kuitisha jalada. Maana hiyo ndiyo iliyobaki katika Mahakama ya Juu ya Marekani, ilhali Tanzania na Kenya, zilizoirithi sheria ya Kiingereza kwa njia yao, huitumia certiorari kuwa amri ya Mahakama Kuu ya kubatilisha uamuzi wa baraza au mamlaka ya umma uliofikiwa kinyume cha sheria. Nadhani mkanganyiko wetu unaanzia hapo. Wakili wa Dar es Salaam akisikia kwamba certiorari imekataliwa, anaelewa, wala hana kosa, kwamba jaji ameupima uamuzi na hakuona sababu ya kuufuta. Kumbe kule Washington hakuna aliyeupima, kwa maana jalada halikuitishwa.

Amri ya kukataa hutoka katika orodha ndefu, mara nyingi Jumatatu asubuhi, na kwa kawaida kila ombi huwa na mstari mmoja usiotaja sababu. Katika shauri la Maryland, majaji Thomas, Alito na Gorsuch walitaka lisikilizwe; akakosekana wa nne. Jaji Kavanaugh, ambaye kura yake ingetosha, aliafiki likataliwe, lakini akaandika wazi kwamba kukataa huko hakumaanishi kuwa mahakama inakubaliana na uamuzi wa chini, uamuzi ambao yeye mwenyewe aliutilia shaka, na kwamba suala la AR-15 linapaswa kushughulikiwa karibuni. Sijui mtu atake ushahidi gani zaidi ya huo.

Kinachosimama, basi, ni uamuzi wa mwaka 2024 wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nne, yenye makao yake Richmond, uliosema kwamba marufuku hiyo ni halali, nao unazifunga mahakama za shirikisho katika majimbo matano yaliyo chini yake, Maryland ikiwamo. Mahakama za mizunguko mingine haziwajibiki kuufuata.

Wanaoandika kwamba mahakama "imetupilia mbali rufaa" wamekaribia zaidi, ila rufaa hutupiliwa mbali ikiwa imeshafika mbele ya majaji, na hii iliishia kwenye ombi. Ningependelea waandike kwamba mahakama imekataa kulisikiliza shauri, hivyo uamuzi wa Richmond unabaki, hata kama kichwa cha habari kitarefuka kidogo.