Je, wajua kwa nini kichwa cha mtoto huhesabiwa mara mbili ya kile cha mtu mzima anapoungua?

Mgonjwa aliyeungua anapofikishwa hospitalini, daktari hukadiria ni asilimia ngapi ya ngozi yote ya mwili imeungua, kwa kuwa eneo hilo likiwa kubwa, majimaji ya damu huvuja kutoka katika mishipa midogo hadi mzunguko wa damu ukadhoofika na uhai ukawa hatarini.

Kwa mtu mzima hutumika kanuni ya tisa, iliyoenezwa na Alexander Wallace, daktari wa upasuaji wa Edinburgh, mwaka 1951. Kichwa pamoja na shingo huhesabiwa asilimia 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo na makalio 18, na sehemu za siri 1, jumla 100. Majeraha yaliyotawanyika hupimwa kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, wala si cha daktari, kwani kiganja pamoja na vidole vyake hukaribia asilimia 1. Ngozi iliyopata wekundu tu bila malengelenge haiingizwi katika hesabu. Nayo katika ngozi nyeusi huhitaji jicho la makini, maana wekundu hauonekani kwa urahisi.

Kanuni hiyo, hata hivyo, humpunja mtoto mdogo. Mtoto wa mwaka mmoja ana kichwa kikubwa na miguu mifupi kwa kulinganisha na kiwiliwili chake, kwa hiyo kichwa na shingo huchukua takriban asilimia 18, na kila mguu kama 14 hivi. Tuseme amevuta sufuria ya uji, ukamwagikia uso mzima na upande wa mbele wa mkono mmoja. Kwa hesabu ya mtu mzima atapewa 4.5 kwa uso na 4.5 kwa mkono, yaani asilimia 9; kwa hesabu inayomfaa, uso peke yake ni 9, na jumla inakuwa 13.5. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo, kwa sababu kwa kawaida mtoto huanzishiwa dripu ya kufidia maji yaliyopotea anapofikisha asilimia 10, ilhali mtu mzima husubiriwa hadi 15.

Asilimia hiyo ndiyo huingia katika hesabu ya dripu. Kwa kanuni ya Parkland, iliyotokana na hospitali ya Dallas, Marekani, mililita 4 huzidishwa kwa kilo za mgonjwa, kisha kwa asilimia iliyoungua, ingawa madaktari wengi siku hizi huanza na kiasi pungufu. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 20 hupata lita 4.8 kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za mwanzo. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitalini, hivyo aliyechelewa njiani kwa saa 3 hubakiwa na saa 5 tu za kupewa lita 2.4.