Kidole cha Dadaab

Kazi yangu ni kushauri taasisi kuhusu ulinzi wa data, na nikiulizwa kwa nini vitambulisho vya kidijitali vinanitia wasiwasi, huwa naanzia Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya.

Miaka ya ukame, baadhi ya Wakenya Wasomali walijiandikisha kuwa wakimbizi katika kambi za Dadaab, humo humo Garissa, ili wapate mgao wa chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto walioshikwa mkono na mama zao. Mtoto akabonyeza kidole kwenye mashine, familia ikapata unga. Alipotimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, akabonyeza kidole kilekile kwenye mashine nyingine, na jibu likaja: huyu ni mkimbizi. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti ya benki, na kila kizuizi cha polisi barabarani unakipita roho mkononi.

Na mashine ilisema kweli, kidole ni chake. Ila alama aliyoitoa kwa ajili ya unga sasa inatumika kumhukumu uraia, na hakuwekewa njia iliyo wazi ya kuifuta.

Huduma Namba, namba moja ya utambulisho ambayo serikali ya Kenya ilitaka kumpa kila mtu, ilipokuja niliwaza kisa hicho. Mamlaka ya kuianzisha yalipenyezwa mwaka 2018 ndani ya sheria ya marekebisho mchanganyiko, ile inayogusa sheria chungu nzima kwa mkupuo mmoja. Humo serikali ikaruhusiwa kukusanya hata DNA, na vipimo vya GPS vya makazi ya mtu. Wananchi kote nchini walianza kupanga foleni za kujiandikisha Aprili 2019. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba. Nafaka iliingia ghalani kabla ya ghala kutiwa mlango. (Fomu iliuliza pia habari za kilimo. Mpaka leo sijaelewa shamba langu linathibitishaje kwamba mimi ni mimi.)

Waliokwenda kortini mapema ni Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, na wenzao. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudan kuwa askari wa Waingereza, wameonja kupigwa msasa walipoomba kitambulisho: kijana alisimama mbele ya kamati akiwa na karatasi za babu yake, wakati jirani yake alihudumiwa na kwenda zake. Hofu yao ilikuwa kwamba aliyenyimwa hati jana, mfumo mpya ungemfungia nje moja kwa moja. Januari 30, 2020, Mahakama Kuu ikakataa DNA na GPS, ikataka kanuni kamili kwanza. Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa kuwa tathmini ya athari za mfumo kwa wenye data, inayotakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, haikufanywa.

Tathmini hiyo maofisa wengi huiona makaratasi tu. Mimi naiona ndiyo mahali pekee ambapo mwenye mfumo analazimika kuandika, kabla ya kuuwasha, nani ataumia.

Maisha Namba, mrithi wa Huduma Namba aliyekuja 2023, imekusudiwa kumfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kufa. Nikiletewa tathmini yake, ningefungua kwanza ukurasa wa malalamiko: yule kijana wa Garissa akikataliwa saa nne asubuhi, anagonga mlango gani, anajibiwa na nani, na baada ya siku ngapi?