Ulimwengu wa mchezo si riwaya: dhana potofu za wabunifu wa michezo ya mezani wanaohamia bunilizi ya kisayansi

Kazi yangu ni kuhariri miswada, na wengi wa wanaoniletea riwaya za bunilizi ya kisayansi ni wabunifu wa michezo ya mezani, watu waliokwisha kuchapisha kanuni, ramani na majedwali yao na sasa wanataka kuwa waandishi wa riwaya. Karibu wote huanza na kauli moja, na mwezi huu nimeisikia mara ya tatu: kwamba riwaya imeshapatikana, kilichobaki ni kuiandika tu, kwa kuwa ulimwengu wenyewe tayari upo. Nimeona heri niijibu kwa maandishi, maana kuijibu mdomoni kumenichosha.

Dhana: Mwenye ulimwengu ana riwaya.

Ukweli ni kwamba ulimwengu wa mchezo hujengwa kwa makusudi ukiwa na pengo katikati, na pengo hilo ni nafasi ya mchezaji. Mbunifu hodari haamui nani atamsaliti nani. Huandaa mazingira ambamo usaliti unawezekana, kisha huwaachia wachezaji meza. Mwandishi wa riwaya hana ruhusa hiyo. Ni lazima aamue yeye mwenyewe, na uamuzi wake umuume mtu fulani ambaye msomaji anamjua kwa jina.

Tazama Traveller, mchezo wa mezani wa safari za angani uliobuniwa na Marc Miller na kuchapishwa mwaka 1977. Mchezaji huanza na kijana wa miaka 18, humwingiza katika utumishi wa vipindi vya miaka 4, na katika kila kipindi hurusha dadu kuona kama kijana huyo amenusurika. Kwa kanuni zile za kwanza, mhusika aliweza kufa kabla mchezo wenyewe haujaanza. Akimaliza vipindi vinne, hutoka akiwa na miaka 34, ujuzi alioupata kazini na mafao yake. Kwa mchezo, huo ni wasifu uliokamilika na wa kupendeza. Kwa riwaya bado hakuna kitu, kwa sababu jedwali halisemi alipoteza nini katika kipindi cha tatu, wala kwa nini hakurudi nyumbani alipokuwa na nafasi ya kurudi.

Muswada mmoja niliousoma ulianza na nahodha anayeshuka chumba cha injini kumwambia fundi wake kwamba meli haitageuka kumchukua mdogo wake aliyebaki kituoni. Kabla nahodha hajafungua kinywa, mwandishi alitumia kurasa nne kueleza injini: iliundwa wapi, inakula mafuta kiasi gani, ina daraja gani katika kanuni za mchezo wake. Nilimwomba azifute zote na kuacha sentensi moja iliyokuwa imejificha mwishoni, ambapo fundi anasikia habari ile mkono wake ukiwa juu ya bomba la moto, na hauondoi. Injini yote iliyohitajika ilikuwa pale.

Miller mwenyewe alitoa riwaya yake, Agent of the Imperium, mwaka 2015, miaka 38 baada ya mchezo. Himaya ya angani ambamo mchezo wake huchezwa ilikuwa na maelfu ya sayari, na njia aliyoichagua yafaa kusomwa kwa makini: mhusika mkuu ni mtu ambaye nafsi yake imehifadhiwa katika chombo cha kumbukumbu, naye huamshwa ndani ya mwili wa mtu mwingine kila linapotokea janga. Himaya nzima ikapata msimulizi mmoja, mwenye dhamiri moja inayolemewa.

Ushauri ninaompa kila mtu, hata asiyeuomba, ni huu: sura tatu za kwanza ziandikwe kitabu cha kanuni kikiwa kimefungiwa kabatini, na isitajwe sayari yoyote ambayo mhusika mkuu hajaikanyaga, haiogopi wala haina deni naye.

Dhana: Kumbukumbu za mchezo uliochezwa vizuri zikinakiliwa huwa riwaya.

Haziwi. Wanaobisha hunitajia Leviathan Wakes ya mwaka 2011, iliyoandikwa na Daniel Abraham na Ty Franck kwa jina la James S. A. Corey, na ni kweli kwamba ulimwengu wake ulichezwa kwanza kama mchezo. Lakini kitabu hicho husimuliwa hasa kupitia watu wawili, ofisa wa meli ya kubeba barafu na mpelelezi, sura zao zikipokezana. Hakuna meza ya wachezaji inayogawa zamu namna hiyo. Walichukua ulimwengu, wakausuka usimulizi upya.

Dhana: Kutoka michezo kwenda riwaya ni kupanda daraja, na anayepanda harudi.

Walter Jon Williams aliandika riwaya za mabaharia na kubuni michezo ya vita vya majini kabla ya kutoa riwaya yake ya kwanza ya bunilizi ya kisayansi mwaka 1984. Hardwired yake ya mwaka 1986 iligeuzwa kuwa kitabu cha mchezo wa mezani wa Cyberpunk mwaka 1989. Fani hizi ni majirani, na mlango kati yao uko wazi pande zote mbili.

Dhana: Nilichobuni ni changu, popote nitakapokiandikia.

Riwaya inayoandikwa ndani ya ulimwengu wa mchezo wa kampuni kwa kawaida ni kazi ya kukodiwa, na haki zake hubaki kwa mwenye mchezo, hata kama nusu ya sayari zake ulizibuni wewe. Tena sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi namna ya kucheza. Hulinda maandishi yanayoieleza na michoro yake. Kwa hiyo kabla ya kutia saini mkataba wa mchezo, tafuta kifungu kinachotaja ulimwengu na wahusika, na kama kinamkabidhi mchapishaji haki za riwaya, omba kiondolewe siku hiyohiyo, kabla hujaandika hata sura moja.