Umefuta majina, sawa. Mtu bado anaonekana

Nafanya kazi kwenye kitengo cha data kinachohudumia timu kadhaa za utafiti wa msongo na trauma, yaani majeraha ya akili yanayoachwa na tukio baya. Tunawatengenezea fomu za kwenye tableti, tunawatunzia seva, tunasafisha data, saa nyingine mpaka vichupa vya mate tunapokea sisi. Na kuna sentensi moja nimeisikia mpaka imenichosha: "Usijali, data haina shida, tumeshafuta majina."

Jamani. Kwenye data ya trauma tukio lenyewe linamtaja mtu. Chukua mfano wa kutunga, faili halina jina wala namba ya simu, lina wilaya, jinsia, umri, kazi, aina ya tukio na tarehe ya tukio tu. Mstari mmoja unasoma: Ukerewe, mwanamke, 34, anauza dagaa, ajali ya majini, 20/09/2018. Hiyo ni siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nani hajui? Waliotoka hai kwenye kile kivuko ni kama 40 tu, sasa humo wanawake wangapi, wenye umri huo wangapi, wanaouza dagaa wangapi? Mtu wa Ukara hahitaji kompyuta, anakutajia mpaka ukoo wake na nyumba anayokaa. Na kwenye mstari huohuo, kolamu chache mbele, kuna jibu lake la swali la 9 la PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, lile swali la kuwaza kufa au kujidhuru. Ndo hicho ulichokuwa unataka kumtumia mwenzako kwa WhatsApp.

Na hili halijaanza jana. Marekani miaka ya 1990 walitoa data za matibabu ya watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts, majina yametolewa, kila mtu ametulia. Latanya Sweeney, enzi hizo bado mwanafunzi, akanunua daftari la wapigakura kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo, akampata gavana William Weld mwenyewe na taarifa zake za hospitali.

Kingine kinachonipandisha presha ni GPS. Mnaiweka kwenye fomu ili kumkagua mdodosaji kama kweli alifika, sawa, halafu mnaisahau. Faili linakuja "halina majina" ila kolamu za latitudo na longitudo zipo, ukizibandika kwenye ramani unaona bati la nyumba ya mhojiwa. Bati kabisa! Zifuteni kabla faili halijatoka kwenye seva. Rekodi za sauti nazo hivyohivyo, sauti ya mtu inatambulika. Na yale maelezo ya wazi ya mwisho wa fomu someni kwa macho, mstari kwa mstari, maana humo ndo utakuta "alinipiga yule mwenyekiti wa kitongoji chetu".

Tunachofanya sisi: umri tunauweka kwenye makundi, kijiji tunakipandisha kuwa mkoa, tarehe zote za mshiriki mmoja tunazisogeza kwa idadi ileile ya siku ili nafasi kati ya tukio na mahojiano ibaki ilivyo. Kama tukio ni maarufu hata kusogeza tarehe hakusaidii, basi "ajali ya kivuko" inakuwa "ajali ya usafiri" na tunabakiza miaka tangu itokee. Faili linalounganisha namba ya mshiriki na jina linakaa sehemu nyingine, na mwenye ufunguo wake si mchambuzi. Mtaniambia uchambuzi unapoteza utamu. Unapoteza kidogo, ndiyo. Anayehitaji tarehe kamili aje afanyie kazi ndani ya seva yetu, aondoke na majedwali tu.

Na kuna sentensi nyingine ninazoletewa. "Nani ataiba data za wagonjwa wa akili?" Finland, 2020, kampuni ya tiba ya saikolojia iliyoitwa Vastaamo. Mdukuzi alikuwa ameiba rekodi za maelfu ya watu, kampuni ilipokataa kulipa akawageukia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, kwa baruapepe: lipa au nimwage uliyomwambia mtaalamu wako. Nadhani hapo tumeelewana.

"Asiyejibu tumemwekea -99, kompyuta itajua." Haijui mpaka uiambie kwamba hiyo si alama. PCL-5, dodoso la dalili za PTSD (ugonjwa wa akili unaobaki baada ya trauma), ina maswali 20, kila moja 0 mpaka 4, jumla haiwezi kuzidi 80 wala kushuka chini ya sifuri, halafu naletewa mtu ana alama -61 na wastani umeshaandikwa kwenye ripoti! Andikeni kitabu cha maelezo ya data, kurasa mbili zinatosha, kila kolamu ni nini na namba zake zina maana gani. Hili nitalisema mpaka nistaafu.

"Tupimie kortisoli tujue nani ana trauma." Hakuna kipimo cha hivyo. Kortisoli, homoni ya msongo inayopimwa kwenye mate, inapanda na kufika juu kama dakika 30 mpaka 45 baada ya kuamka, halafu inashuka mchana kutwa, kwa hiyo kichupa kilichoandikwa "asubuhi" bila saa aliyoamka na saa aliyotema mate siwezi kukutolea chochote cha maana. Wenye PTSD wengine wanakuwa nayo chini kuliko wasio nayo, wengine hawana tofauti.

"Tukiwapa watafiti wengine data watachapisha kabla yetu." Hofu hii naielewa kuliko zote, ila ina dawa: makubaliano ya maandishi, muda wa kuifungia mpaka wewe uchapishe kwanza, na kila anayeiomba anaandika anaitaka ya nini. Uchambuzi mkubwa wa vinasaba vya PTSD uliotoka 2024 ulikusanya watu zaidi ya milioni 1.2 kutoka timu nyingi, ukapata maeneo 95 ya jenomu yanayohusika, na wengi sana kati ya hao watu ni wenye asili ya Ulaya. Za kwetu zingine bado ziko kwenye fleshi ndani ya droo ya mtu.