Kukata vigae na mawe kwa grenda: ninayoyatazama kabla ya kubonyeza swichi

Nimetandika vigae na kukata mawe katika nyumba nyingi za Mombasa, kuanzia Nyali hadi Likoni, na karibu kila jeraha la grenda nililolishuhudia lilikuwa limeshaandaliwa kabla ya mashine kuwashwa: diski isiyolingana na mashine, kinga iliyofunguliwa ikawekwa kando, au kigae kilichoachwa kikielea upande mmoja. Ndiyo maana nitaeleza zaidi maandalizi kuliko ukataji wenyewe.

Kosa linaloniumiza roho kuliko yote ni kufunga diski ya inchi tisa kwenye grenda ndogo ya inchi nne na nusu. Linawezekana kwa sababu tundu la katikati la diski hizo mbili aghalabu lina kipimo kimoja, milimita 22.23, na kinachozuia ni ile kinga ya chuma peke yake. Fundi akishaiondoa, diski huingia bila taabu. Grenda ndogo huzunguka yapata mara 11,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo ukingo wa diski yake ya milimita 115 hukimbia mita 66 hivi kwa sekunde. Ukifunga ya milimita 230, ukingo utakimbia mita 132 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 470 kwa saa, ilhali diski nyingi za ukubwa huo zimepimwa kustahimili mita 80 kwa sekunde tu. Ikipasuka hapo, hakuna kinga ya kuyazuia mapande yake.

Kwenye nyumba moja ya Kisauni nilimkuta kijana akikata mawe ya ukuta kwa mtindo huo. Aliniambia, "Mzee, hii ndogo haifiki chini ya jiwe." Nilimwomba achomoe waya kwenye soketi, kisha nikaipangusa diski kwa kidole hadi namba iliyochapwa karibu na tundu ikaonekana: 6,600, yaani mizunguko ya mwisho kwa dakika ambayo diski hiyo inaruhusiwa. Tukaigeuza mashine tukasoma mizunguko yake kwenye kibao: 11,000. Aliziangalia namba zote mbili kwa muda, kisha akaifuata spana mwenyewe. Jiwe lile tulilikata kwa diski ndogo, upande huu na upande wa pili, na kipande kilichosalia katikati kikavunjwa kwa nyundo na patasi.

Kwa vigae natumia diski ya almasi yenye ukingo mzima usio na mapengo, kwa kuwa haivunji rangi ya juu. Kwa mawe, matofali na zege natumia ile yenye mapengo, ambayo hupoa haraka na kutoa unga nje ya mpasuo. Mshale uliochapwa juu yake lazima uelekee upande inakozunguka mashine. Wanaotumia diski za kusaga zilizogandishwa kwa gundi wasome pia tarehe iliyopigwa kwenye pete ya chuma ya katikati, kwa maana muda wake kwa kawaida ni miaka mitatu, na unyevu wa pwani yetu huidhoofisha gundi hiyo ikiwa diski zimelazwa sakafuni mwa stoo. Diski yoyote mpya naiacha izunguke bure kwa nusu dakika, nikiwa nimesimama nje ya mstari wake.

Kukaa nje ya mstari huo nakushikilia hadi mwisho wa kazi. Diski ikibanwa ndani ya mpasuo, grenda hupiga teke na kurudi kwa aliyeishika kabla hajatambua, kwa hiyo mikono yote miwili huwa mashikioni na uso wangu hauwi kwenye mstari wa diski. Kigae nakilaza kikiwa kimeegemezwa pande zote mbili za alama, nakwaruza kwanza kina cha milimita moja au mbili, kisha narudia njia ileile bila kuikandamiza mashine wala kuipinda. Diski ikianza kung'ang'ana na kutoa cheche, mara nyingi almasi zake zimefunikwa. Kuipitisha mara chache kwenye tofali laini la simiti huziamsha tena.

Maji ni rafiki mkubwa wa kazi hii, lakini si kwa kila mashine. Ya mezani yenye trei imeundwa kwa maji, nayo naichomeka kwenye swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja miliampia 30, huku waya ukiwa umening'inia chini ya soketi ili matone yadondoke sakafuni. Grenda ya kawaida ya mkono hunyonya hewa kupitia matundu ya mota, na kumwambia kibarua aimwagilie kwa chupa ni kumletea fundi umeme wa volti 240 mkononi.

Vumbi ndilo ninalolihofia zaidi, kwa kuwa haliumi siku ile. Jiwe letu la matumbawe kwa sehemu kubwa ni chokaa, lakini zege, plasta, graniti na vigae vya porselini vina silika, ambayo chembe zake ndogo zisizoonekana hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu yasiyopona. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1997, na Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa ya meza za jikoni kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya maradhi ya mafundi wake. Leso iliyofungwa puani haizuii chembe hizo. Inahitajika barakoa ya kuchuja vumbi, ya daraja la FFP3 au angalau N95, tena iliyogusana na ngozi pande zote. Ndevu, ambazo wengi wetu hapa tunazifuga, hufungua njia pembeni, na kwa mwenye ndevu kukata kwa maji hakuna mbadala wa bei nafuu. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa hivi, basi viulizeni kabla ya kupatana bei.

Upepo wa kusi husaidia uwanjani, lakini katika vichochoro vya Mji wa Kale hujizungusha na kulipeleka vumbi jikoni kwa jirani, kwa hiyo huko nakata kwa maji tu.

Masikio pia yana haki yake: kwa desibeli 100, robo saa inatosha kumaliza kiwango cha kelele ambacho sikio linafaa kupata kwa siku nzima. Kikoi, shati la mikono mipana na ndara vibaki mbali na diski.

Jioni sifagii sakafu kavu. Nainyunyizia maji kwanza. Shati la kazi nalivua uani na kulizamisha ndooni, kwa sababu watoto hunikimbilia mlangoni na nyuso zao hufika kifuani pangu.