Vijana mnaoniuliza kuhusu u-DMO (uganga mkuu wa wilaya), someni hapa

Madaktari vijana wengi wananiuliza njia ya kufika kwenye uongozi wa afya serikalini ikoje. Mwanzo ni uleule wa kila daktari, shahada ya udaktari (MD) miaka mitano, intani mwaka mmoja, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, halafu ajira, na wengi wanaongeza masta ya afya ya jamii. Baadaye ndo unaweza kuteuliwa DMO, juu yako kuna RMO, yaani mganga mkuu wa mkoa, na juu kabisa Mganga Mkuu wa Serikali.

Sasa kitu ambacho chuoni hawakwambii ni kwamba DMO hana bosi mmoja. Miongozo ya tiba na chanjo inatoka Wizara ya Afya, ila watumishi, gari na mafuta viko halmashauri, chini ya TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), na anayeidhinisha ni Mkurugenzi wa halmashauri. Kwa hiyo wewe na CHMT yako (timu ya uendeshaji wa afya ya halmashauri) mnaweza kuandika mpango mzuri sana, lakini kama hamkuweza kuwaeleza Mkurugenzi na madiwani kwa nini friji ya chanjo ya zahanati fulani isisubiri mwakani, watoto wa kijiji kile wanabaki bila chanjo. Mimi hesabu za bajeti nazihesabu ni tiba kabisa. Na tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, ila muuguzi aliyezalisha usiku kucha ndo huyohuyo asubuhi anadaiwa ripoti ya matumizi, usimwache peke yake jamani.

Halafu milipuko. Marburg, homa kali ya virusi, ilithibitishwa Kagera Machi 2023, wagonjwa 9, wakafariki 6, akiwemo mtumishi wa afya, na Juni 2 ikatangazwa imeisha. Virusi vile havina tiba maalumu wala chanjo iliyosajiliwa, kinachovikata ni kumfuatilia kila aliyekutana na mgonjwa kwa siku 21, kumpima joto kila siku, na mlipuko hautangazwi umeisha mpaka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya. Hiyo kazi inataka mafuta ya pikipiki, vipimajoto, chakula cha familia zilizozuiwa kutoka, na mtu wa kuvitafuta vyote hivyo usiku huohuo ni wewe kiongozi.

Ukiona inakuvuta, usisubiri barua ya uteuzi. Omba kukaa kwenye kikao cha mpango hapohapo kituoni kwako kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, na uombe kuona mahesabu ya dawa.