Hata sasa: jiwe la Samweli na suke la mtama jikoni kwa bibi

Jikoni kwa bibi yangu, kwenye nyumba yetu ya tembe upande wa Chamwino, mkoani Dodoma, masuke ya mtama yalining'inia juu ya mafiga tangu mavuno hadi kupanda. Yalikuwa meusi kwa masizi, na ukiyagusa vidole vilinuka moshi siku nzima. Moshi huo ndio ulioyakinga na wadudu. Desemba mvua ikianza, bibi aliyashusha, akayapukuchua kwenye ungo, tukaenda shamba. Lakini suke moja alilibakiza palepale juu, kwa sababu mvua ya kwanza huku kwetu ni ya kudanganya: inanyesha wiki mbili, mbegu inaota, watu wanafurahi, halafu Januari jua linakausha kila kitu na inabidi urudie kupanda.

Februari moja vilindo vya nafaka vilikuwa vitupu na tulikuwa tumekunywa uji wa ubuyu siku kadhaa. Nilikuwa na miaka 7 au 8. Nilimwuliza bibi kwa nini tusilipukuchue lile suke tukalisaga. Hakunikaripia. Alisema, "Mume wangu," kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, "lile si chakula. Lile linasema mwaka jana tulivuna."

Leo mimi ni mchungaji, na kwa miaka 16 nimekuwa nikiwafundisha makatekista na wainjilisti Agano la Kale. Kila tunapofika Kutoka 16 namkumbuka bibi. Mana ilikuwa haiwekwi. Aliyeilaza mpaka asubuhi, siku isiyokuwa ya maandalio ya Sabato, aliikuta imeoza na kuingia mabuu. Lakini Mungu huyohuyo akaagiza pishi moja ijazwe, iwekwe mbele zake, ilindwe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mara nyingi nimewauliza wanafunzi: watu wako jangwani, chakula ni cha siku kwa siku, kwa nini pishi nzima iwekwe pembeni isiliwe? Anayelijibu swali hilo upesi huwa ni mtu aliyekulia Ugogo, nchi yetu Wagogo.

Tunaposema "mkumbuke Mungu," wengi wetu tunasikia jambo la kichwani: tulia, vuta kumbukumbu, jisikie vizuri. Biblia haizungumzi hivyo. Neno la Kiebrania ni zakar, nalo lina mikono na miguu. Mwanzo 8 inasema Mungu akamkumbuka Nuhu, na papo hapo upepo unavuma na maji yanaanza kupungua. Mwanzo 30, Mungu akamkumbuka Raheli, akapata mimba. Hakuwa amewasahau akazinduka. Kule kukumbuka kwenyewe ndiko kutenda. Kwa hiyo Israeli nao wanapoamriwa wakumbuke, wanapewa kitu cha kufanya: kula mikate isiyochachwa, kushona vishada kwenye nguo, kubeba mawe 12 kutoka katikati ya Yordani. Yoshua 4 inaeleza hata sababu: siku moja watoto watauliza, "N'nini maana yake mawe haya?" Lazima kuwe na kitu ambacho mtoto anaweza kukinyooshea kidole.

Jiwe ninalolipenda kuliko yote ni lile la Samweli, katika 1 Samweli 7. Makanisa na watoto wengi wanaitwa Ebenezeri, na karibu kila mkristo anajua maana yake ni jiwe la msaada. Wanaojua kwamba jina hilo limeshatajwa kabla ni wachache. Rudi sura ya 4. Israeli walipiga kambi Ebenezeri wakaenda kupigana na Wafilisti. Siku ya kwanza walikufa watu 4,000. Wakalileta sanduku la agano vitani, wakapiga kelele nchi ikavuma, wakapigwa tena: 30,000. Sanduku likatekwa, wana wawili wa kuhani Eli wakafa, Eli mwenyewe akaanguka kutoka kitini akavunjika shingo. Mkwewe akazaa siku ileile, na jina alilompa mtoto lilikuwa la kusema utukufu umeondoka.

Zaidi ya miaka 20 baadaye Wafilisti wanakuja tena, Bwana anawafadhaisha kwa ngurumo, na Samweli anasimamisha jiwe. Anaweza kuliita jina lolote. Anachagua jina lile la aibu, la mahali walipozika wana wao. Fikiria wajane wa vita ile ya kwanza, wakiwa wazee sasa, wakisikia jina hilo likitajwa hadharani.

Kisha anasema, "Hata sasa BWANA ametusaidia." Hapa nina neno kidogo na wasomaji wangu, maana nimesikia mahubiri mengi yakiteleza. Tunasoma "hata sasa" kwa masikio ya leo tukadhani maana yake ni "hata leo bado." Katika Kiswahili cha tafsiri ya Biblia ya Union ya mwaka 1952, hata hapo ni mpaka. Mpaka hapa. Mpaka tulipofika. Samweli hasemi lolote la kesho. Anapima njia iliyokwisha kupitwa, pamoja na sehemu iliyopita makaburini, na anasema mpaka hapa tulipo tumesaidiwa.

Wazee wa Ugogo wanaijua namna hii ya kuhesabu. Mkoa wetu unapata milimita 500 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, zote katika msimu mmoja wa kati ya Desemba na Aprili, na msimu ukikataa hakuna mwingine wa kuusubiri. Ndiyo maana njaa zetu zina majina, na watu walihesabu umri wao kwa njaa. Kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya miaka ya mwisho ya Vita ya Kwanza ya Dunia hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakata, na homa ya mafua ya 1918 ikawakuta watu hawana nguvu. Bibi alizaliwa muda mfupi kabla ya hapo. Aliitaja Mtunya kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomtaja marehemu. Lakini sikumbuki akiitaja bila kuongeza kwamba mama yake alipanda mlima naye mgongoni mpaka mahali walipopewa chakula. Hakutenganisha. Alisema njaa, akasema mgongo wa mama, akamtaja Mulungu, yaani Mungu, vyote katika pumzi moja.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu kwenye ibada zetu siku hizi tumeanza kutenganisha. Kipindi cha ushuhuda kikifika, anayesimama ni aliyepata kazi, aliyepona, aliyejenga. Tunapiga makofi na vigelegele, na ni haki yake, Mungu amemtendea. Yule ambaye mahindi yake yamekauka, ambaye mtoto wake hakupona, anakaa kimya kwenye benchi la nyuma, na akikaa hapo Jumapili nyingi anaanza kuamini kwamba uaminifu wa Mungu ni habari ya wengine. Baya zaidi, wapo wanaomfuata na kumwambia imani yake ni ndogo, au kuna dhambi hajaitubu. Marafiki wa Ayubu walisema hayohayo, na Mungu mwenyewe aliwaambia hawakunena yaliyo sawa. Nalisema bila kupunguza makali: kumwambia mtu hivyo kwenye msiba wake ni kumwibia Mungu wake wakati anamhitaji kuliko wakati wowote.

Miaka michache iliyopita, mdogo wangu aliyenifuata aliugua figo. Tulilima pamoja, alizeti na uwele, na zabibu kidogo. Kanisa zima lilifunga na kuomba. Msimu ule mvua ilianza vizuri kisha ikakata Januari, kwa hiyo nilikuwa nikitoka kumwangalia hospitali napita kuangalia shamba, na kote kulikuwa kunanyauka. Usiku mmoja nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikajaribu kuomba, nikashindwa. Nilifungua Zaburi ya 77, zaburi niliyoifundisha mara nyingi, na kwa mara ya kwanza nikaisoma kama mwenye shida.

Asafu, mwenye zaburi hiyo, anasema nafsi yake ilikataa kufarijika. Anasema anamkumbuka Mungu na anaugua. Yaani kumbukumbu inamwumiza, maana inampa cha kulinganisha na leo. Kisha anauliza maswali sita mfululizo, na la tano ndilo lililonikamata: "Je! Mungu amesahau fadhili zake?" Angalia alivyoyapanga. Sehemu ya kwanza ya zaburi imejaa mimi: sauti yangu, mkono wangu, nafsi yangu. Mstari wa 11 anageuka, "Nitayakumbuka matendo ya BWANA," na kuanzia hapo ni wewe, wako, zako mpaka mwisho. Maswali sita hayajajibiwa hata moja. Anaisimulia Bahari ya Shamu, maji yakimwona Mungu na kuogopa, na anafika kwenye maneno ambayo sikuwahi kuyapa uzito darasani: "Hatua zako hazikujulikana." Mungu alipita, watu wakavuka, na hakuacha unyayo. Mstari mmoja zaidi, na zaburi inakatika.

Mdogo wangu alifariki Februari. Sitaki kuandika hapa kwamba nilielewa sababu, kwa kuwa sikuelewa. Nilichokipata kwenye benchi lile ni kidogo kuliko faraja: nilikuwa na mtu wa kumlalamikia. Asiye na kumbukumbu yoyote ya fadhili za Mungu analalamikia ukuta. Mimi niliweza kumwambia, wewe ulimpandisha mama wa bibi kwenye mlima ule akiwa na mtoto mgongoni, wewe ulitulisha miaka ya ubuyu. Sasa uko wapi? Hilo ni ombi. Nimekuja kuamini ni mojawapo ya maombi ya imani kubwa yaliyomo ndani ya Biblia, na tunalikosea tunapolinyamazisha kwa "usimwulize Mungu."

Nabii Habakuki naye alijua. Nchi ya zabibu kama yetu inapaswa kuisoma sura ya 3 polepole: mtini hautachanua, mizabibuni hakuna matunda, zizini hakuna kundi. Anaorodhesha hasara moja moja kama mkulima anayezunguka shamba lake, hana haraka ya kufika kwenye "walakini." Nasi tusiwe na haraka hiyo kwa niaba ya wengine. Mwache mtu ahesabu mizabibu yake iliyokauka mpaka amalize.

Baada ya msiba tulianzisha jambo dogo kanisani kwetu. Ni daftari, lile kubwa gumu la kaunta, liko mezani karibu na mlango. Kila mtu anaandika mwaka wake, mazuri na mabaya mahali pamoja, na sharti ni moja: anamalizia na "hata sasa." Wasiojua kuandika wanaandikiwa na vijana wa kwaya. Mama mmoja aliandika: "Januari mvua siku 23 hakuna. Mbuzi wawili wamekufa. Jirani kanipa debe la uwele, hakutaka nirudishe. Hata sasa." Mzee mmoja aliandikisha kwamba kijana wake bado amepotelea mjini, hana simu, na akaomba paachwe nafasi chini ya maneno yake. Nafasi ile bado iko wazi. Tunalisoma daftari hilo siku ya Ushirika Mtakatifu, kabla ya kuumega mkate, kwa sababu hata Bwana wetu alipotuambia, "Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu," ilikuwa ni usiku wa kusalitiwa. Alishukuru akiwa na mkate mkononi na msaliti akiwa mezani.

Mwezi wa sita shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alikuja na suke la mtama. Alikuwa amevuna kidogo sana. Aliandika mwenyewe, kwa herufi za taratibu: "Baba watoto hayupo. Tumepata madebe matano. Hata sasa." Akaomba suke lining'inizwe kwenye msumari juu ya daftari.

Jumapili iliyopita mtoto wake wa mwisho alilinyooshea kidole. "Baba mkubwa, lile ni la nini?" Nilimwinua alishike, nikamsimulia habari za bibi, na za baba yake alivyokuwa akipalilia huku anaimba. Alisikiliza, halafu akanionyesha vidole vyake: kulikuwa na unga mweupe. Wadudu wameanza kuliingia, maana kanisani hakuna moshi. Tulilishusha, tukatembea naye mpaka jikoni kwa mama yake, tukalifunga juu ya mafiga.